Jinsi ya Kuutambua Mji wa Kale Uliopotea: Kutoka Jina la Kitabuni Hadi Tabaka la Udongo

Mwaka 1929 Mfaransa Pierre Montet alianza kuchimba Tanis, kaskazini mashariki mwa Delta ya Nile. Kila alikogeuka alikuta jina la Ramses II, farao wa Misri: kwenye obeliski, kwenye sanamu, kwenye nguzo. Maandishi ya kale yalisema Ramses alijijengea mji mkuu huko Delta, Pi-Ramses, na hakuna aliyekuwa na hakika ulikuwa wapi. Montet akasema ni hapa. Ushahidi ulikuwa umechongwa kwenye mawe, na wengi walimkubalia kwa miaka mingi.

Mji haukuwa pale. Chini ya mawe hayo hapakuwa na tabaka la zama za Ramses: hapakuwa na sakafu, vigae vya vyungu wala majaa ya watu wa wakati wake. Mji wenyewe ulikuwa Qantir, kama kilomita 20 kusini, ambako leo ukisimama huoni ila mashamba. Tawi la mto lililoulisha mji lilijaa matope, wafalme waliofuata wakahamia Tanis, na mawe ya mji wa zamani yakabebwa kwenda kujengea mji mpya. Montet aliyapata mawe ya Pi-Ramses, lakini mji hakuupata.

Nataka ukibebe kisa hicho katika mwongozo huu wote. Kupata magofu ni kazi moja. Kuyapa magofu jina lake la haki ni kazi nyingine, na hii ya pili ndiyo huwaangusha hata mabingwa. Kinga ninayoijua mimi ni kuweka mafaili mawili mbalimbali. Faili la jina hukusanya kila kinachosemwa na maandishi kuhusu mji. Faili la mahali hukusanya kila kinachosemwa na ardhi. Usiyachanganye mpaka kila moja liwe limejitosheleza, kwa sababu ukishaanza kuyachanganya mapema, kila kigae utakachookota kitakuambia unachotaka kusikia.

Kazi ya hatua tatu za mwanzo unaweza kuifanya mezani ukiwa mwanafunzi au mtafiti wa kujitegemea. Kuanzia pale mguu unapokanyaga eneo lenyewe kwa ajili ya utafiti, unahitaji kibali cha mamlaka ya mambo ya kale ya nchi husika na ridhaa ya mwenye ardhi. Uchimbaji bila kibali ni kosa la jinai katika nchi nyingi, na mbaya zaidi, ni uharibifu usiorekebishika.

Hatua ya 1: Jaza faili la jina

Kusanya kila andiko linaloutaja mji. Usitosheke na tafsiri moja. Kwa kila andiko, jibu maswali haya kwa maandishi: mwandishi aliishi lini? Aliufika mji mwenyewe au aliwasikia mabaharia? Nakala tuliyonayo ni ya karne gani? Neno alilotumia lina maana ngapi katika lugha yake?

Swali hilo la mwisho linaweza kugharimu vizazi. Mji wa Helike nchini Ugiriki uliangamizwa na tetemeko na wimbi usiku mmoja wa mwaka 373 KK. Waandishi wa baadaye walisema sanamu ya Poseidoni ilibaki imesimama ndani ya *poros*, ikihatarisha nyavu za wavuvi. Watafiti wakalichukua neno hilo kumaanisha mlangobahari, wakatafuta chini ya Ghuba ya Korintho na wasipate kitu. Dora Katsonopoulou na mwenzake Steven Soter walilisoma upya: poros inaweza pia kuwa wangwa, maji ya ndani karibu na pwani. Walihamia nchi kavu, wakatoboa ardhi ya tambarare kwa keekee ndefu, na mwaka 2001 wakayafikia majengo ya kale yaliyofunikwa na matope ya wangwa uliokwisha kukauka.

Tufanye zoezi moja taratibu, kwa mji unaotuhusu sana watu wa pwani hii: Rhapta. Mwongozo wa mabaharia wa Kigiriki wa karne ya 1 BK, unaoitwa Periplus ya Bahari ya Erithrea, unaeleza kwamba kuna kisiwa kiitwacho Menouthias, kama stadia 300 kutoka bara, cha chini na chenye miti, na kwamba mbele yake, mwendo wa safari mbili, iko Rhapta, bandari ya mwisho ya Azania, yaani pwani ya Afrika Mashariki. Jina lake, unasema, limetokana na mashua zilizoshonwa, na pembe za ndovu na magamba ya kasa yanapatikana kwa wingi.

Sasa pima. Stadia, kipimo cha umbali cha Wagiriki, haikuwa na urefu mmoja. Ilikuwa kati ya takriban mita 157 na 185 kutegemea ni ya nani. Stadia 300 basi ni kati ya kilomita 47 na 55. Pemba iko karibu kilomita 50 kutoka bara. Unguja iko karibu zaidi na bara, na Mafia karibu zaidi ya hapo. Kwa umbali, Pemba inashinda. Lakini kuna wanaolitazama neno "cha chini" wakaona linaifaa zaidi Unguja au Mafia. Tena karne ya 2 mwanajiografia Ptolemaio anaiita Rhapta mji mkuu, na kuiweka ndani kidogo kutoka baharini, kwenye mto wenye jina hilohilo. Kwa hiyo mwandishi wa kwanza anatupa bandari, wa pili anatupa mto. Delta ya Rufiji, Pangani na hata upande wa Tana zimependekezwa, kila moja ikiegemea sentensi moja zaidi ya nyingine.

Unaona lilivyo faili la jina. Halikupi nukta kwenye ramani. Linakupa eneo lenye ukungu na orodha ya masharti. Andika masharti hayo yote, na kando ya kila moja weka alama: limesemwa na shahidi wa macho, limesemwa kwa kusikia, au limekisiwa na wasomi wa leo. La tatu usilihesabu kabisa.

Majina nayo yafuatilie kwa makini. Mwaka 1838 Edward Robinson na Eli Smith walizunguka Palestina wakiwauliza wenyeji majina ya vijiji, na kwa njia hiyo wakaunganisha Seilun na Shilo ya kale, Beitin na Betheli. Jina huweza kuishi midomoni kuliko kuta. Lakini pia jina huhama na watu, na mji mmoja huweza kuwa na majina mawili: Wagiriki waliandika Heracleion, Wamisri waliandika Thonis, na wasomi wakadhani ni miji miwili. Nitairudia habari hiyo mbele.

Hatua ya 2: Rudisha nchi ilivyokuwa

Ramani ya leo itakudanganya. Mito huhama, pwani husogea, maziwa hukauka. Troya, ambayo wasafiri waliiona mbali na bahari wakashangaa, ilikuwa karibu na ghuba. Sampuli za udongo zilizotolewa kwa keekee katika tambarare yake zilionyesha mashapo ya bahari chini ya mashamba. Efeso ilikuwa bandari. Leo bahari iko kilomita kadhaa.

Kwa hiyo, kabla ya kuchora duara lolote, tafuta kazi za wanajiolojia kuhusu eneo lako: mto ulipita wapi enzi hizo, kina cha bahari kilikuwaje, tambarare imepandishwa na matope kiasi gani. Kama mji wako umefunikwa na mita kadhaa za mashapo ya mto, hutauona juu ya ardhi hata ukitembea mwaka mzima, na mpango wako wote wa kazi lazima ubadilike.

Kisha weka masharti ya faili la jina juu ya ramani hiyo ya kale. Chora kila umbali kwa kipimo chake kifupi na kirefu, si kwa mstari mmoja. Yale maeneo ambayo masharti mengi yanakutana ndiyo ya kuanzia. Mahali penye maandishi mengi ya biashara, hesabu nayo inasaidia: mwaka 2019 timu ya wanauchumi na mtaalamu wa Ashuru, Gojko Barjamovic, walichapisha utafiti uliotumia vibao vya wafanyabiashara wa Ashuru wa karne ya 19 KK. Hoja yao ni rahisi kuieleza: miji iliyo karibu hufanya biashara zaidi kuliko iliyo mbali, kwa hiyo idadi ya safari zinazotajwa kati ya miji inayojulikana na ile iliyopotea inaweza kukadiria iliyopotea iko wapi. Makadirio kama hayo hayathibitishi kitu, ila yanakuambia pa kwenda kutembea kwanza.

Katika hatua hiihii andika karatasi ya kukanusha: ni kitu gani kikionekana mahali hapa kitanifanya niseme si hapa? Kwa mfano, "mji ulitajwa katika karne ya 1, kama hakuna vigae vya karne hiyo, si hapa." Iandike, weka tarehe, mpe mwenzako aihifadhi. Ukiingoja mpaka uone matokeo, moyo utakuwa umekwisha kuchagua.

Hatua ya 3: Tazama kutoka juu

Anza na picha za zamani. Setilaiti za kijasusi za Marekani za mpango wa CORONA zilipiga picha kati ya 1960 na 1972, na picha hizo zilifunguliwa kwa umma mwaka 1995. Thamani yake iko katika umri: zinaonyesha ardhi kabla ya mabwawa, matrekta na miji ya leo kuifuta. Kaskazini mwa Mesopotamia picha hizo zimeonyesha hata njia za kale, mifereji mipana yenye kina kidogo iliyochimbwa na kwato na miguu kwa karne nyingi, ikitoka kwenye vilima vya magofu kama miali ya jua.

Halafu linganisha na picha za misimu tofauti. Mimea iliyoota juu ya ukuta uliozikwa hukosa udongo wa kutosha, hudumaa na kukauka mapema. Iliyoota juu ya handaki lililojaa hunawiri na kukaa kijani. Mwisho wa kiangazi michoro hiyo hujitokeza. Ukiwa na droni, ruka alfajiri au jioni, jua likiwa chini, kwa sababu mwinuko wa sentimita chache hutupa kivuli kirefu.

Penye msitu, picha hazitoshi. Hapo ndipo inapoingia lida, chombo kinachorusha mapigo ya leza kutoka kwenye ndege. Mapigo mengi hupiga majani, machache hupenya hadi ardhini, na programu ikishayaondoa ya majani inabaki sura ya ardhi tupu. Mwaka 2009 Arlen na Diane Chase waliitumia juu ya kilomita za mraba kama 200 za eneo la Caracol, mji wa kale wa Wamaya huko Belize, na matuta na barabara ambazo miongo ya kutembea haikuzikamilisha zikaonekana zote pamoja. Huko Kambodia, Mahendraparvata ulikuwa mji unaojulikana zaidi kwa maandishi; lida ilionyesha mtandao wa barabara zake juu ya milima ya Kulen.

Ila tahadhari: picha huonyesha umbo, haionyeshi tarehe wala jina. Miaka ya 1990 magofu ya Shisr nchini Oman yalitangazwa duniani kote kuwa Ubar, mji wa hadithi, baada ya picha za rada kutoka angani kuonyesha njia za misafara zikikutana hapo. Njia ni za kweli, kisima ni cha kweli, ngome ni ya kweli. Jina bado linabishaniwa.

Hatua ya 4: Waulize wanaoishi pale

Usiipite hatua hii haraka. Vibao vya udongo vyenye maandishi ya kikabari vilianza kuonekana sokoni Uturuki miaka ya 1880, na kila mtu alijua vinatoka karibu na Kültepe. Mwaka 1925 Bedřich Hrozný alichimba kilima chenyewe, hakuvipata. Ni wenyeji ndio waliomwonyesha kwamba vibao vinatoka kwenye shamba chini ya kilima, nje kabisa ya alikokuwa akichimba. Hapo palikuwa na mtaa wa wafanyabiashara wa mji wa Kanesh. Mji wa Mari nao, kwenye mto Frati, uligunduliwa mwaka 1933 baada ya watu waliokuwa wakitafuta jiwe la kaburi kufukua sanamu isiyo na kichwa.

Nenda kwa adabu, na mwenyeji wa kukutambulisha. Uliza mambo ya kazi, usiulize "mji wa kale uko wapi?" Uliza: jembe linagonga mawe wapi? Wapi hapachimbwi kaburi kwa sababu ardhi ni ngumu? Udongo mweusi wenye rutuba unachotwa wapi? Kisima kikichimbwa, kilitoa nini? Majivu na taka za karne nyingi hufanya udongo kuwa mweusi na wenye rutuba, na mkulima anaujua kuliko mtaalamu yeyote. Maelezo yao yaandike pamoja na ridhaa yao, na usinunue kitu chochote cha kale unacholetewa. Ukinunua kimoja tu, kesho watu watachimba ili wakuuzie.

Hatua ya 5: Tembea, hesabu, okota kwa kiasi

Panga watu kwa mstari, kila mmoja mita 10 kutoka kwa mwenzake, watembee sambamba. Kila mtu anatazama mita moja kulia na mita moja kushoto. Hivyo mnakuwa mmeona asilimia 20 ya ardhi. Kila mita 20 kila mtu asimame, ahesabu vigae alivyoviona, aandike pamoja na nukta ya GPS. Hesabuni vyote, okoteni vichache tu: midomo ya vyungu, vitako, mikono na vilivyo na nakshi. Kigae cha tumboni kisicho na pambo mara nyingi hakisemi tarehe.

Shika kigae kimoja hivi. Geuza ukingo uliovunjika uelekee mwanga. Ukiona katikati ni cheusi na pande zote mbili ni nyekundu, chungu kilichomwa kwa muda mfupi au kwa moto usiopata hewa ya kutosha. Chukua kioo cha kukuza mara 10: punje nyeupe zenye tabaka ni gamba la konokono au kombe lililopondwa, mashimo membamba ni majani yaliyoungua, punje nyeusi zinazong'aa zaweza kuwa za mwamba wa volkeno. Mistari sambamba upande wa ndani ni ya gurudumu la mfinyanzi. Mwisho, weka mdomo wa chungu juu ya karatasi yenye duara ndani ya duara, utafute duara linalolingana nao. Umepata kipenyo cha chungu kizima kwa kipande kisichozidi kidole.

Vigae vyote vikishawekwa kwenye ramani kwa zama zao, utaona mji ukipanuka na kunywea. Hapa fungua karatasi ya kukanusha. Kama mji wako ulikuwa mkuu katika karne fulani na karne hiyo haina vigae, eneo hilo linaanza kuanguka, na ni afadhali lianguke sasa kuliko baada ya miaka 10 ya kuchimba. Isipokuwa kama ardhi imefunikwa na matope. Ndiyo maana hatua ya 2 hairukwi.

Hatua ya 6: Ona chini bila kuchimba

Kipimasumaku hupima tofauti ndogo sana katika uga wa sumaku wa dunia. Udongo uliowahi kuungua, kama wa tanuri, jiko au ukuta uliochomwa, hubaki na alama yake ya sumaku. Huko Qantir, ambako juu hakuna kitu, vipimo vilivyoanza miaka ya 1990 vilichora barabara, majumba na mitaa ya Pi-Ramses chini ya mashamba. Rada ya kupenya ardhini hurusha mawimbi na kusikiliza mwangwi; kwa njia hiyo watafiti walichapisha mwaka 2020 ramani ya mji mzima wa Kirumi wa Falerii Novi, Italia, hekta 30, pamoja na hekalu, soko na bafu, bila kuuchimba. Rada huchoka kwenye udongo wa mfinyanzi wenye maji au chumvi, kwa hiyo chagua chombo kulingana na udongo wako.

Ukipata fedha ya kitu kimoja tu, mimi ningechagua keekee ya mkono na watu wawili wenye nguvu. Kijiti cha udongo cha mita nne au tano kikilazwa kwenye ubao kinakuonyesha mkaa, vigae, matope ya mto na mchanga wa pwani kwa mpangilio wake.

Hatua ya 7: Chimba kidogo, soma sana

Heinrich Schliemann, aliyekuwa akiitafuta Troya, alikwenda kilima cha Hisarlik, Uturuki, akishawishiwa na Frank Calvert, aliyekuwa ameanza kupachimba kabla yake. Mahali palikuwa sahihi. Lakini Schliemann alikata handaki kubwa katikati ya kilima akikimbilia chini, akiamini Troya ya Homero iko karibu na mwamba. Hazina aliyoitoa mwaka 1873 na kuiita ya Priamu, mfalme wa Troya katika utenzi wa Homero, ilikuwa ya mji wa zamani kwa takriban miaka 1,000 kuliko zama alizokuwa akizitafuta, na majengo ya zama hizo alikuwa ameyapitia na kuyaharibu.

Kwa hiyo fungua mashimo madogo ya majaribio, mita mbili kwa mbili, mahali ambapo vipimo vinaonyesha tofauti. Piga vigingi, funga kamba, shuka tabaka kwa tabaka kwa mwiko, pitisha udongo wote kwenye chekeche. Kila tabaka lina namba yake, mfuko wake na picha yake.

Shimo likifika kina, kwangua ukuta wake kwa mwiko mpaka uwe bapa kama uliopigwa lipu, kisha nyunyizia maji kidogo. Rangi zitajitokeza. Mstari mweusi, unene wa kidole, ni majivu. Juu yake utando mwekundu wenye vipande vigumu: udongo wa kuta ulioungua na kuanguka. Chini yake sakafu nyeupe ya chokaa. Sasa tafuta mistari inayoshuka wima: hilo ni shimo lililochimbwa kutoka juu, labda la taka, labda la mwizi wa mawe. Fuata ukingo wake kwa ncha ya mwiko hadi uone limeanzia tabaka gani. Kigae kilicho ndani ya shimo hilo, hata kiwe mita moja chini ya sakafu, kiliingia hapo baada ya sakafu kujengwa. Ukikosea hapo, tarehe zako zote zimeharibika.

Kwa tarehe za kaboni-14, kipimo cha maabara cha umri wa vitu vilivyowahi kuwa hai, peleka mbegu zilizoungua. Nguzo ya mti mkubwa si chaguo zuri. Mti unaweza kuwa ulikatwa ukiwa na karne kadhaa, au mbao yake ilitumika mara mbili. Mbegu ni ya mavuno ya mwaka mmoja. Jua pia kwamba kati ya takriban 800 na 400 KK mkunjo wa kusawazishia tarehe, yaani mchoro unaogeuza kipimo cha maabara kuwa mwaka wa kalenda, ni bapa, na kipimo kimoja hakitaweza kutenganisha karne ya 8 na ya 5. Hapo vigae na sarafu vitakusaidia zaidi.

Hatua ya 8: Yakutanishe mafaili mawili

Sasa ndipo jina linapopimwa. Andiko lenye jina la mji likipatikana, uliza maswali mawili: limetoka kwenye tabaka gani, na linauzungumziaje mji? Matofali yenye muhuri wa Nebukadneza, mfalme wa Babeli, yalijengewa nyumba za mji jirani wa Hilla baada ya Babeli kufa. Tofali husafiri, na mfalme hujenga miji mingi. Zawadi husafiri. Sanamu huibiwa vitani. Hata barua inayotaja mji mara nyingi imetoka kwenye mji huo kwenda kwingine.

Kinachobeba uzito mkubwa ni hifadhi ya maandishi iliyokutwa pale ilipotumika. Paolo Matthiae alianza kuchimba Tell Mardikh, Siria, mwaka 1964. Mwaka 1968 kikapatikana kipande cha sanamu chenye maandishi yaliyomtaja mfalme wa Ebla. Wapo waliosita, na walikuwa na haki: sanamu ni moja. Miaka ya 1974 na 1975 vikafukuliwa vibao vya ikulu kwa maelfu, na ubishi ukaisha. Huko Boğazköy, Uturuki, wasafiri wa karne ya 19 waliona magofu makubwa na kuyapa majina tofauti, hadi mwaka 1906 Hugo Winckler alipokuta kati ya vibao barua ya Kiakadi kuhusu mkataba wa Ramses II na mfalme wa Wahiti, mkataba uleule uliochongwa kwenye ukuta wa hekalu la Karnak, Misri. Mji mkuu wa mfalme aliyepokea barua hiyo, Hattusa, yalikuwa chini ya miguu yake. Na mwaka 2017, Bassetki, kaskazini mwa Iraki, vilipatikana vibao 92 ndani ya chombo cha udongo; Betina Faist alipovisoma mwaka uliofuata, vilionyesha kwamba mahali hapo ni mji wa kale wa Mardaman.

Niliahidi kuirudia habari ya Thonis. Franck Goddio na timu yake waliufikia chini ya maji ya Ghuba ya Abu Qir, kilomita 6 na nusu kutoka pwani. Kati ya vilivyotolewa kulikuwa na jiwe refu lenye amri ya Nektanebo wa Kwanza, farao wa Misri, kuhusu kodi, nakala pacha ya jiwe lililopatikana zamani Naukratis, mji mwingine wa Delta. Tofauti yake ni kwamba hili linasema lisimamishwe Thonis. Lilikutwa mahali ambapo ushahidi mwingine unasema ni Heracleion. Jiwe hilo moja liliunganisha majina mawili kwa sababu lilitaja mahali pake pa kusimama, na likakutwa hapohapo.

Kama hakuna maandishi yaliyopatikana mahali penyewe, udongo wa barua zilizotoka huko unaweza kusema. Barua za wafalme zilizopatikana Amarna, Misri, zilichunguzwa madini yake, na udongo wa barua za mfalme wa Alashiya, nchi ambayo mahali pake palibishaniwa, ukalingana na wa kisiwa cha Kupro. Barua ilitumwa mbali, lakini ilifinyangwa nyumbani.

Hatua ya 9: Sema unachokijua kwa kiwango chake

Tumia ngazi nne na uzitaje katika ripoti: imethibitishwa, inaelekea sana, inawezekana, imekataliwa. Ili kufika ya kwanza, napenda kudai mambo matatu kwa pamoja: andiko lililo mahali pake, matabaka ya zama zile, na mazingira ya kale yanayolingana na masharti ya faili la jina. Mawili yakiwepo ni "inaelekea sana". Moja ni "inawezekana", hata liwe zuri namna gani.

Mwanaakiolojia wa Tanzania Felix Chami alipopata shanga za Kirumi katika eneo la Rufiji, ulipatikana ushahidi wa thamani kwamba pwani hiyo iliguswa na biashara ya Periplus. Shanga hizo zinaiweka Rufiji katika "inawezekana" yenye nguvu. Bado Rhapta haijathibitishwa popote, na atakayeitafuta atahitaji keekee nyingi kwenye matope ya delta kuliko droni.

Ripoti yako ieleze pia maeneo uliyoyakataa na sababu zake, ili anayekuja baadaye asiyarudie. Nukta kamili za GPS zikabidhi kwa mamlaka ya mambo ya kale. Katika chapisho la umma weka ramani isiyo na undani, kwa sababu wezi wa makaburi nao husoma. Vitu vyote vipelekwe makumbusho vikiwa na namba za matabaka yao. Mashimo yatandike kitambaa cha kuchuja maji chini, weka sarafu ya mwaka huu juu yake, rudisha udongo uleule na ushindilie. Eneo kubwa liache bila kuguswa kabisa. Mchimbaji wa miaka 50 ijayo atakuwa na vyombo ambavyo wewe huna, na sarafu ile itamwonyesha kazi yako iliishia wapi.